Matabishi yafuate tendo jema



Tumezoea kusema: "Kijana yule asiyevaa maski ni mkaidi." Neno hilo haliponyeshi mtu. Wanaojifunza kazi ya kuchunguza matendo ya watu hufundishwa kutazama mambo matatu: nini kilitangulia, tendo lenyewe ni lipi, na nini kilifuata.

Tumtazame kijana huyo. Kilichotangulia: joto, na maski iliyoziba. Tendo: anaivua. Kinachofuata: anapumua vizuri saa ile ile. Ugonjwa wa mapafu uletwao na vumbi la mawe utakuja baada ya miaka mingi. Faida iko karibu, hasara iko mbali. Kwa hiyo kesho ataivua tena. Tendo linalofuatwa na faida hurudi.

Basi, kwanza abadilishiwe maski. Halafu kapita asingoje kosa ndipo aseme. Amwone anayefanya vema, amwambie papo hapo. Mwaka 1978, wataalamu wa Marekani walitoa habari ya kiwanda kimoja cha vyakula. Wafanyakazi walifundishwa kazi isiyo na hatari, wakaonyeshwa matokeo yao mara kwa mara. Katika sehemu mbili za kiwanda, matendo salama yalipanda kutoka 70 na 78 kwa mia hadi 96 na 99. Mpango uliposimamishwa, yakashuka hadi 71 na 72. Sifa ya siku moja haitoshi.

Lakini tujihadhari. Tukitoa matabishi kwa kikundi "kisicho na ajali" bila kutazama zaidi, aliyejikata kidole atakificha ili wenzake wasikose. Hapo tunalipa kimya, na kidonda kinaoza ndani ya kiatu au glavu. Katika mgodi mmoja wa uranium huko Marekani, kuanzia 1972, wafanyakazi walipewa stampu za kupatia vitu walipokaa bila ajali. Lakini aliyekosa kutoa habari ya ajali alipoteza stampu zake. Siku za kazi zilizopotea zilipungua sana.

Mimi nasema: matabishi yafuate tendo linaloonekana kwa macho. Maski imevaliwa. Ngazi imefungwa. Jeraha, hata dogo, limeletwa dispansari siku ile ile.

Nanyi mama, mtoto akinawa mikono kabla ya kula bila kuambiwa, msifuni pale pale. Kesho atanawa tena.