*TAARIFA KWA WANACHAMA NA WANANCHI: MAMA WA MIAKA 50 NAYE ATIBIWE*



Tawi linasema leo jambo ambalo wengi hulinong'ona: ukomo wa hedhi.

Wanawake wengi hulifikia kati ya miaka 45 na 55. Joto humpanda mama ghafla, usiku shuka linalowa jasho, usingizi hauji, tendo la ndoa linageuka maumivu. Asubuhi huyo huyo anabeba jembe kwenda kwenye mihogo na maharage.

Akilalamika anajibiwa, "Ni umri tu, vumilia." Wengine wanasema karogwa. *Tunakataa!* Tiba ipo. Kuna tiba ya homoni kwa anayefaa baada ya kupimwa, na dawa nyingine kwa asiyefaa, kama aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Na mama anayetokwa damu baada ya hedhi kukoma mwaka mzima asiambiwe ni umri. Inaweza kuwa saratani, awahi hospitali.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwasamehe malipo wajawazito, watoto chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mama wa miaka 50 si mjamzito wala hajawa mzee. Alizaa, serikali ikamhesabu. Alipoacha kuzaa, akasahauliwa.

Tunaambiwa barabara na maji kwanza. Barabara hiyo nani anaipita na ndoo kichwani? Tunaambiwa kambi za madaktari bingwa zinakuja. Ni jambo jema, lakini maradhi ya miaka hayatibiwi kwa kambi ya siku chache. Kumfuata bingwa Kigoma mjini au Mwanza ni nauli, malazi na siku za shamba zilizopotea.

*Tunadai:*
1. Huduma hii iingie kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri ya Kibondo, pamoja na fedha zake.
2. Wahudumu wa zahanati na vituo wafundishwe kuitambua hali hii na kutoa rufaa.
3. Bingwa wa magonjwa ya wanawake afike kwa ratiba inayotangazwa.
4. Bima ya Afya kwa Wote, iliyotungiwa sheria mwaka 2023, igharamie tiba hii.

Wanaume wa chama, nasi tumekaa kimya mno. Mkutano wa kijiji ujao, tusimame na mama zetu tuyaseme haya mbele ya diwani.

_Imetolewa na Uongozi wa Tawi, Mabamba._
*Soma, sambaza.*