Sadaka Ipeleke Kwingine

Kuna imani imeota mizizi katika mji huu wa Dar es Salaam, na wanaoishika ni watu wema: kwamba mtu mwenye ulemavu akishona, akisuka au akichonga, anayenunua kazi yake amemsaidia. Imani hiyo inamuumiza fundi kuliko dharau ya wazi. Mwenye dharau anapita zake. Mwenye huruma anaingia, anapanga bei anayoitaka yeye, kisha anaondoka akihesabu thawabu.

Twende Madale. Yuko fundi cherehani mmoja asiyeweza kutumia miguu. Cherehani chake ni kile cha kuzungusha kwa mkono: wa kulia uko kwenye mpini, wa kushoto unaongoza kitambaa, na shingo ya gauni anaipinda bila kusita. Zipu akiiweka, huoni mshono. Mama mmoja alimletea vitenge vya sare ya harusi, akatajiwa bei, akanung'unika: "Mdogo wangu, nimekuletea wewe makusudi nikuungishe, mbona unanikaba?"

"Dada, uzi nanunua bei ileile wanayonunua wenzangu."

Jibu lilitosha, ila mimi naongeza. Mwenye nyumba hampunguzii kodi, na kwa kuwa hawezi kugombania daladala, safari ya Tegeta kufuata vifaa anaifanya kwa bajaji. Gharama zake ziko juu ya za wenzake, halafu tunataka bei yake iwe chini. Fedha ya kazi yake ndiyo inayomwezesha kulipa kodi bila kumpigia simu kaka yake, na kuandika jina lake kwenye michango ya harusi kama ndugu wengine. Ukimpunja unamrudisha kwenye simu ya kaka.

Huruma ina ubaya mwingine. Mtu ananunua kapu lililolegea, analisifia, analificha stoo na harudi tena. Angesema ukweli, fundi angefumua akasuka upya, na kapu la pili lingekuwa imara. Mteja mkorofi anayerudisha kazi mbovu amemheshimu fundi kuliko huyo anayesifia uongo.

Wanaodhani biashara ya namna hii haiwezekani bila huruma wafike Iringa. Kituo cha Neema Crafts kilianza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Leo kuna ushonaji, ufumaji, karatasi za kinyesi cha tembo, na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Mteja anaandika anachotaka, analetewa. Watu wanarudi pale kwa sababu chakula ni kizuri na bidhaa zinadumu.

Sisemi kila mwenye ulemavu akasuke vikapu. Anayetaka uhasibu akasome uhasibu, na sheria ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Lakini sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya Watanzania wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu. Hawawezi kuenea kwenye hizo asilimia 3. Wengi watajiajiri, na wengi wao kwa mikono.

Serikali ina chuo cha ufundi kwa ajili yao pale Yombo, Temeke. Halmashauri zinatenga mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ya mapato ya ndani, iliyositishwa 2023 ikarejea 2024. Vyote vyema. Ila cheti hakileti mteja, na mkopo usio na mteja ni deni tu.

Mteja ni sisi. Shule za Madale, Goba na Tegeta zinahitaji sare kila Januari. Kwaya zinahitaji majoho. Kamati za harusi hazikosi vitenge vya kushona. Waiteni mafundi hawa, ombeni sampuli, kubalianeni tarehe, toeni kianzio. Kazi ikiwa nzuri lipeni bei kamili. Ikiwa mbovu, irudisheni.