Mtoto Mchanga Kutapika Damu: Kinga Huanza Saa za Kwanza

Mtoto mchanga mwenye uzito wa kilo tatu ana takriban mililita 250 tu za damu mwilini. Hivyo, kiasi ambacho kwa mtu mzima kingeonekana kidogo chaweza kuhatarisha maisha yake.

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionesha kuwa uzazi katika vituo vya afya uliongezeka kutoka asilimia 63 mwaka 2015/16 hadi asilimia 81. Hata hivyo, vifo vya watoto wachanga vilipungua kutoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Kumfikisha mama kituoni ni hatua ya lazima. Kinachofuata ni ubora wa huduma anayopewa mtoto mara anapozaliwa.

Sababu mojawapo ya kutokwa damu tumboni ni upungufu wa vitamini K, inayosaidia damu kuganda. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo ya vitamini hiyo, na maziwa ya mama, ingawa ndiyo chakula bora kwake, huwa nayo kidogo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtoto achomwe sindano ya miligramu 1 baada ya kuzaliwa. Hatari huongezeka iwapo mama alitumia baadhi ya dawa za kifafa au kifua kikuu, hivyo ni muhimu amweleze mhudumu mapema.

Wakati mwingine damu inayotapikwa ni ya mama, iliyomezwa wakati wa kujifungua au kutoka kwenye chuchu zilizopasuka. Hata hivyo, kutofautisha ni kazi ya wataalamu, si ya kukisia nyumbani. Vivyo hivyo, kinyesi cha kwanza huwa cheusi kwa kawaida. Kikirudi kuwa cheusi baada ya kugeuka njano, mtoto apelekwe kituoni bila kuchelewa.

Kwa familia za Kilolo, Mufindi, Chunya na Rungwe, ambako umbali na mvua huchelewesha safari, namba 115 ya mfumo wa M-mama hutoa usafiri wa dharura bila malipo kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Lakini gari pekee halitoshi pasipo damu ya kuongezewa. Wananchi wanaochangia damu kupitia kituo cha Damu Salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, kilichopo Mbeya, ni sehemu ya tiba hiyo.