Usiitupe Fizikia Kabla Hujapiga Hesabu

Nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu kuhusu jambo ambalo limekuwa gumzo katika kidato chetu cha tatu. Kila wiki utasikia fulani anaiacha Fizikia, au kama tunavyosema wenyewe, "anaidropu." Ukimwuliza kisa na maana, atakujibu, "Ah, hiyo itaniangusha tu!" Basi, maneno yameisha. Hajafikiria anataka kusomea nini baadaye wala hajapiga hesabu yoyote. Ameogopa tu.

Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi apange masomo yake akianzia kule anakotaka kufika, kisha arudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye dawati lake. Anayetaka kusomea Fizikia chuo kikuu ajiulize kwanza chuo kitamtaka nini, ndipo aamue achukue somo lipi na aache lipi. Mimi ni mmoja wa wanaoitaka shahada hiyo. Nimeshachekwa ati msichana wa shule ya kutwa anaota mchana. Na wacheke, lakini watoe na hoja.

Kwanza tukumbuke kwamba muda wetu ni mfupi. Sisi tulio kidato cha tatu mwaka huu wa 2026 ndio watoto wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4. Tulifanya KCPE ya mwisho mwaka 2023, na tutafanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yetu hakuna kidato cha pili wala cha kwanza, kuna wenzetu wa Gredi ya 10 walio na mtaala mwingine. Kaka zetu wa zamani walipokosea kuchagua masomo, waliweza kurudia darasa katika shule ya jirani. Sisi tutarudia darasa gani? Usajili wa KCSE hufanywa mapema katika kidato cha nne, kwa hivyo uamuzi wa mwisho ni wa mwaka huu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu hatakuwa na pa kukaa.

Sasa tuje kwenye ile hofu ya kuangushwa. Wengi wetu tunatumia hesabu za zamani. Tangu KCSE ya mwaka 2023, gredi ya wastani hutafutwa kwa masomo saba namna hii: Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, kisha masomo mengine matano aliyoyapita vizuri zaidi. Hebu tuchukue mfano. Mwanafunzi amefanya masomo manane. Amepata Hisabati B yenye pointi 9, Kiswahili B+ yenye 10, Kiingereza C+ yenye 7, Kemia B- yenye 8, Biolojia B yenye 9, Jiografia B yenye 9, Biashara B+ yenye 10, na Fizikia C yenye 6. Hisabati na Kiswahili zinaingia kwanza, jumla 19. Kisha yanachukuliwa matano bora: Biashara, Biolojia, Jiografia, Kemia na Kiingereza, jumla 43. Zote pamoja ni pointi 62 kati ya 84. Ukigawa kwa saba unapata karibu 8.9, ambayo ni B. Fizikia imeangusha nani hapo? Haikuhesabiwa hata kidogo! (Na wapenzi wa chama chetu mtambue kwamba Kiswahili ndicho kilichobeba nafasi ya lugha.)

Lakini anayefanya masomo saba tu asijidanganye na mfano huo, maana yote saba yatahesabiwa na hakuna la kuachwa. Ndiyo sababu nasema anayeweza kubeba manane ayabebe. Somo la nane ni kama gurudumu la akiba. Dereva halibebi kwa kupenda uzito.

Hata hivyo, gredi ya wastani inafungua lango la nje tu. Ukipata C+ umeruhusiwa kuwaza chuo kikuu, lakini hujapewa kozi. Shirika la KUCCPS linalotupangia nafasi za vyuo huangalia pia masomo manne yanayohusiana na kozi unayoomba, tunayoyaita klasta. Pointi za masomo hayo manne zikijaa ni 48. Hapo sasa Fizikia haiwezi kujificha. Mwanafunzi wetu wa mfano akiomba shahada ya Fizikia, tuseme wakatumia Hisabati yake 9, Fizikia 6, Kemia 8 na somo la nne lenye 10, atakuwa na 33 kati ya 48. Akitoka C hadi B katika Fizikia peke yake, anapanda hadi 36. Naye aliyeidropu je? Hana hata cha kujumlisha. Mwenye C anaweza kujikakamua akapanda, lakini mwenye nafasi tupu mlango umeshafungwa.

Kwa hivyo hofu ya Fizikia ina nusu ya ukweli. Haitakuangusha katika wastani ukiwa na masomo manane, lakini ukitaka kozi yake, huna budi kuifanya vizuri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Pili, nizungumzie Hisabati, kwa sababu hapa ndipo hata wapenzi wa Fizikia tunapojikwaa. Utamwona mtu anakariri kanuni za Newton kama kasuku, lakini akiambiwa abadilishe fomula ili atafute kiasi kilichofichika, anaanza kukohoa. Fizikia ya chuo kikuu huandikwa kwa lugha ya Hisabati, na hasa kalkulasi, yaani zile hesabu za kutafuta mwinamo wa mstari uliopinda na eneo lililo chini yake. Mada hizo huja mwishoni kabisa mwa silabasi ya Hisabati ya kidato cha nne, wakati watu wameshaanza kuhesabu siku za mtihani. Tena katika sehemu ya pili ya karatasi ya Hisabati, mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane. Wengi hukwepa swali la kalkulasi, wakafanya mengine, na wakapita. Haya, umepita. Ukifika chuoni, mhadhiri wa mwaka wa kwanza hatakupa maswali manane uchague matano.

Na tusiseme ni mambo ya mbali. Mwaka huu huu katika mada ya mwendo tunachora grafu ya kasi na muda. Mwinamo wake ni mchapuko, na eneo lililo chini yake ni umbali. Kumbe hiyo ndiyo kalkulasi, haijavaa tu jina lake! Anayeelewa grafu hiyo ameshaweka mguu mlangoni.

Tatu, ni masomo gani ya kuandamana na Fizikia? Hisabati na Kemia usiziguse. Somo la nne ndilo la kufikiria. Biolojia itamfaa anayevutiwa na fizikia ya hospitali, kama vile mashine za eksirei na mionzi ya kutibu saratani. Jiografia itamfaa anayewaza habari za hali ya hewa, au mvuke wa ardhini kama ule unaozalisha umeme kule Olkaria. Shule ikiwa na somo la Kompyuta, usiliache kwa urahisi, kwani siku hizi mwanafizikia hutumia programu kuchanganua vipimo vyake. Kiingereza nacho ni cha kushikwa vizuri, kwa kuwa vitabu na mihadhara yenyewe iko kwa lugha hiyo. Shahada hiyo kwa kawaida ni ya miaka minne. Miaka ya kwanza ni misingi: mwendo na kani, umeme na sumaku, joto, mawimbi na mwanga, pamoja na Hisabati nyingi. Miaka ya juu ndipo mtu anapoelekea anakopenda, kama elektroniki, nyuklia au elimu ya nyota. Lakini asiyejenga msingi hapa hawezi kwenda kuezeka paa kule.

Nne, kuna kilio chetu sisi wa shule za kutwa kwamba hatuna vifaa. Ni kweli. Unaweza kukuta wanafunzi kumi wamezunguka ammita moja kama kuku kwenye punje, na ukifika nyumbani taa ni ya kugombania na wadogo zako. Nayo karatasi ya tatu ya Fizikia, ile ya vitendo, ina alama 40 kati ya 200 za karatasi zote tatu. Hiyo ni sehemu moja ya tano, si mchezo. Lakini kuna majaribio yasiyohitaji maabara. Chukua uzi, funga kijiwe, uning'inize kwenye msumari ili urefu kutoka msumarini hadi katikati ya kijiwe uwe mita moja. Kisogeze kidogo, ukiachilie, uhesabu mara 20 kinapokwenda na kurudi. Saa itakuonyesha takriban sekunde 40. Punguza uzi hadi robo ya mita, utapata takriban sekunde 20. Umegawa urefu kwa nne, muda ukagawanyika kwa mbili. Kwa nini? Ukishaanza kujiuliza hivyo, wewe tayari unafanya Fizikia, bei yake uzi na jiwe.

Tena mbona tunajidharau? Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu kama sisi mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanzania. Alipokuwa akitengeneza aiskrimu aligundua kwamba mchanganyiko wake uliokuwa moto uliganda kabla ya ule uliopozwa. Alipouliza alichekwa, lakini hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza mgeni wao Denis Osborne, mhadhiri wa Fizikia kutoka Dar es Salaam, naye akaenda kulijaribu jambo hilo. Mwaka 1969 walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo linaloitwa kwa jina la Mpemba. Swali la mtoto wa shule!

Wapo wasemao ati Fizikia haina kazi Kenya. Ni kweli kwamba shahada ya Fizikia haimfanyi mtu mhandisi, na anayetaka uhandisi aombe uhandisi. Lakini masomo ya kidato yanayohitajika ni karibu yale yale, kwa hivyo aliyeibakisha Fizikia ana milango yote miwili. Mbali na ualimu, kuna hospitali zinazotibu kwa mionzi, idara ya hali ya hewa, na Shirika la Anga za Juu la Kenya lililoanzishwa mwaka 2017. Setilaiti yetu ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023 kutoka Marekani. Na kabla ya hapo, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka pwani yetu karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku hiyo. Jina ni letu na pwani ni yetu. Wakati umefika wanafizikia nao wawe wetu kwa wingi.

Sasa niseme neno kwa heshima zote kwa walimu. Zipo shule ambazo mwanafunzi akipata D kidato cha pili huambiwa aondoke katika Fizikia ili asiharibu wastani wa somo. Ninaelewa kwamba mwalimu hupimwa kwa wastani huo. Lakini wastani wa shule hukaa ubaoni mwaka mmoja tu, ilhali mlango uliofungiwa mtoto hukaa umefungwa maisha yake yote. Ombi langu ni kwamba kabla ya mwanafunzi kuondolewa, akae na mwalimu wa somo na yule wa ushauri nasaha, aulizwe anataka kusomea nini, na aonyeshwe hesabu kama niliyoonyesha hapo juu. Akichagua kuondoka baada ya hapo, heri.

Sisemi kila mtu aisome Fizikia. Anayetaka sheria au uanahabari, na moyo wake uko kwenye Historia, aende salama wala asidharauliwe. Ninayemlilia ni yule anayetamani nyota, umeme au mashine, kisha anakimbia kwa sababu ya D moja ya muhula wa pili.

Nanyi ndugu zetu wa Gredi ya 10, msidhani hayawahusu. Mtu anaweza kuwa katika mkondo wa STEM na Fizikia isiwemo kati ya masomo yake matatu. Asiridhike na jina la mkondo. Aangalie masomo yenyewe.

Kwa kumalizia, nawaomba tufanye jambo moja wiki hii. Chukua karatasi, andika juu kabisa kozi unayoitaka. Chini yake andika masomo manne ambayo kozi hiyo inayahitaji. Chini zaidi andika gredi zako za muhula huu. Pengo utakaloliona ndilo la kumpelekea mwalimu, umwulize mnalizibaje. Ukishafanya hivyo, ukiidropu Fizikia utakuwa umeamua, na ukiibakisha utajua kwa nini unakesha. Naiachia kalamu hapo, anayenipinga ajibu katika toleo lijalo.