SEHEMU YA 4: Mtoto wa Raila tulimlilia. Wa wifi yako unasema "utapata mwingine"

Sehemu ya 3 tuliongea habari ya kitovu cha mtoto. Leo mnivumilie, nimekasirika na nitaandika hivyo hivyo.

Siku moja nikiwa zamu, akina mama fulani walikaa kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi wakiangalia kwenye simu video ya msiba wa Fidel Odinga. Mnamkumbuka? Kifungua mimba wa Raila na mama Ida, alikutwa amefariki nyumbani kwake Nairobi tarehe 4 Januari 2015, akiwa na miaka 41, akazikwa kwao Bondo. Wale mama walikuwa wanafuta machozi kabisa. "Jamani mama Ida, maskini, kumzika mwanao!"

Hatua kumi kutoka hapo, ndani, mke wa kaka yao alikuwa amelala amegeukia ukutani. Mtoto wake aliishi saa tatu tu. Mmoja wao akaingia, akamwambia: "Nyamaza wewe, hicho kilikuwa kichanga tu. Utapata kingine." Akarudi nje kumlilia Fidel.

Sisemi msimlilie Fidel. Baba yake alikuwa kiongozi aliyeteseka kwa kudai haki, na hata waliogombana naye kwenye siasa walimpa pole. Mzazi ni mzazi. Ninachouliza ni hiki: machozi yetu yanasubiri jina kubwa?

Sikilizeni. Mama mzazi wa Raila alifariki mwaka 1984, Raila akiwa kizuizini. Alikaa miezi miwili hajaambiwa. Mandela naye, huyu aliyepita hapa kwetu Mbeya mwaka 1962 akienda kuomba msaada wa nchi za Afrika, alifiwa na mwanae Thembi kwa ajali ya gari mwaka 1969. Alikuwa gerezani Robben Island, akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, akakataliwa. Tukisoma hayo tunasema ukatili gani huu! Yaani kumnyima mtu nafasi ya kumlilia wake, hiyo ni adhabu ya gerezani. Sasa huyu binti aliyejifungua juzi, ninyi mmemzuia kumwona mtoto, mmekwenda kuzika yeye bado yuko kitandani, na mnamwambia asilie. Amefungwa kwa kosa gani?

Na msiniambie eti kichanga hakina uzito. Mandela huyo huyo alikuwa na binti, Makaziwe, aliyefariki ana miezi tisa tu. Mama wa mtoto, Evelyn, alikuwa nesi kama mimi. Walipopata binti mwingine baadaye, wakampa jina lile lile, Makaziwe. Hawakusema "tulipata mwingine" wakamsahau wa kwanza. Walimkumbuka kila walipoita jina.

Najua bibi zetu watasema: zamani watoto walikufa sana, ungelilia kila mmoja usingelima mpunga. Nawaelewa. Walijikaza kwa sababu hawakuwa na namna. Lakini kujikaza si kutokuumia. Nimewahi kumhudumia bibi mmoja wa hapa Bujonde, ananihesabia watoto wake: "Saba, na wawili waliorudi." Miaka imepita na bado wako kwenye hesabu.

Wengine watasema, nesi unataka tuweke turubai na kuchinja ng'ombe kwa mtoto wa siku moja? Hapana. Sisi Wanyakyusa kwa misiba mikubwa hatujambo, wala sitaki kuwaongezea michango. Nataka vitu ambavyo havina gharama:

Mama akitaka kumwona mtoto na kumshika, mwacheni. Asipotaka, msimlazimishe. Kabla ya kuzika, muulizeni. Kama mtoto alipewa jina, litajeni. Na baba pia amefiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo mtoto wake akiugua au akifa, na haikusema mtoto awe mkubwa kiasi gani.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna anayemwandaa mama. Siku ya pili hadi ya nne maziwa yanajaa. Mtoto hayupo, maziwa yapo. Hapo ndipo wengi wanapovunjika. Msimfunge kanga kwa nguvu kifuani. Avae sidiria inayomshika vizuri bila kumbana, aweke kitambaa cha maji baridi, na akizidiwa akamue kidogo tu apate nafuu. Kliniki ya baada ya kujifungua arudi kama mzazi mwingine yeyote. Damu ikitoka nyingi, akipata homa, kichwa kikimuuma sana au akiona maluweluwe, mleteni hapo hapo, msisubiri asubuhi. Na akikaa wiki mbili hali, halali, au anasema bora angekufa yeye, huo si uvivu wala si kudeka. Mleteni pia.

Mwisho niseme ukweli wangu. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimwambia mama mmoja, "Mungu atakupa mwingine." Nilidhani namfariji. Akaniangalia, akaniuliza, "Sista, na huyu je?" Sikuwa na jibu. Tangu siku ile nasema "pole mama," naketi, nanyamaza naye.

Kwa hiyo kabla hujaweka mshumaa kwenye status kwa ajili ya mtoto wa mtu mashuhuri, angalia upande wa pili wa ukuta wako. Kama kuna mama kafiwa, nenda. Beba hata uji. Muulize mwanae aliitwa nani.

Sehemu ya 5 tutaongelea baba na huzuni yake.