Mche haupandwi peke yake

Vijana wenzetu, na nyinyi wa mashirika mnaotusoma,

Mwaka juzi tulialikwa kupanda miti kwenye kilima kimoja nje kidogo ya Kampala. Tulipewa fulana, maji ya chupa na soda. Miche ilikuwa imefika kwa lori, kila mmoja ndani ya kifuko cheusi cha plastiki. Tulichimba, tukapanda, tukapigwa picha, na saa nane tukaingia taksi kurudi Nsambya. Ripoti ilisema miche yote imepandwa, na hiyo ni kweli kabisa. Msimu wa mvua uliofuata wachache wetu tulirudi kuangalia. Iliyosimama ungeihesabu kwa vidole vya mikono miwili, na vingine vingebaki.

Hatusemi tunajua kila mche ulikufa kwa nini. Mbuzi walipita pale, jua lilikuwa kali, na hakuna mtu aliyeachwa wa kumwagilia. Lakini mama mmoja wa kundi letu, mtu wa Ituri, aling'oa mmoja uliokauka, akaugeuza mizizi juu, akasema, "Huu ulikuja peke yake. Hii ni udongo ya kujengea nyumba." Tulicheka. Baadaye tukaanza kusoma, tukaona hakuwa anatania.

Kwao, kuelekea Epulu, kuna mti wanaouita mbau. Wataalamu wanauita Gilbertiodendron dewevrei. Kuna sehemu unatembea muda mrefu na karibu kila mti mkubwa unaokutana nao ni mbau. Ncha za mizizi yake zimevikwa kuvu, na mvua ikinyesha uyoga unatoka chini yake. Uyoga ni kama tunda tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba zilizojaa ndani ya udongo. (Ule uyoga wa vichuguu ambao Waganda wanaupenda ni habari nyingine, ule unalimwa na mchwa. Na tunasema kuvu kwa sababu ukisema fangasi hapa mjini, kila mtu anafikiria miguu inayowasha.)

Miti kama mvule na musizi ina kuvu ya aina tofauti. Hiyo haitoi uyoga. Inaingia mpaka ndani ya chembe za mzizi na kutawanya vitawi kama kimti kidogo sana. Aina hiyo hiyo iko kwenye muhogo, mahindi, maharage na kahawa. Biashara yao ni hivi: kuvu inafika mahali mzizi haufiki, inaleta fosforasi, na mmea unalipa kwa sukari na mafuta. Mwaka 2017 watafiti walionyesha kwamba kuvu hii, ambayo haina jeni za kujitengenezea mafuta ya msingi, inalishwa mafuta hayo na mmea. Bila mzizi hai haimalizi maisha yake. Na si urafiki wa jana: mabaki yaliyogeuka jiwe kule Scotland yanaonyesha kuvu za namna hii ndani ya mimea ya miaka kama milioni 400 iliyopita.

Sasa tufike kwenye jeni, maana hapo ndipo sisi tulishtuka.

Kila chembe ya kiumbe ina DNA yake yote, kama mtu mwenye kitabu kizima cha mapishi. Lakini hakuna anayepika kurasa zote siku moja. Jeni ikitumika, inanakiliwa kuwa RNA, na nakala hiyo ndiyo inayopelekwa kazini. Kwa hiyo ukisaga kipande cha mzizi unaweza kuuliza maswali mawili. DNA inakujibu nani yuko humu. RNA inakujibu nani anafanya kazi, na kazi gani. Si maswali sawa, kwa sababu kuvu iliyokufa inaweza kuacha DNA yake kwenye udongo, lakini RNA inaharibika haraka sana. Ndiyo maana mzizi unatakiwa kugandishwa papo hapo, mara nyingi kwa naitrojeni ya kimiminika. Jaribu kubeba mtungi huo kwa boda mpaka katikati ya msitu wa Ituri.

Mengi yanayojulikana yametoka mbali na kwetu. Kuna kuvu iitwayo Laccaria bicolor, inayoishi na miti kama poplar. DNA yake yote ilichapishwa mwaka 2008. Inapokutana na mzizi, kuna jeni moja inayowaka kuliko kawaida na kutengeneza protini iitwayo MiSSP7. Mwaka 2011 watafiti walieleza jinsi protini hiyo inavyoingia mpaka kwenye kiini cha chembe ya mti. Huko inatuliza ulinzi wa mti ili mgeni asifukuzwe. Mimea nayo haikai kimya. Ile inayoshirikiana na kuvu za muhogo na mvule, ikikosa fosforasi, inatoa kwenye udongo kemikali ziitwazo strigolaktoni, na kuvu ikizihisi inaamka na kutawi. Kiduha, lile gugu linalonyonya mahindi, nalo linasikia wito huo huo. Mmea ukishiba fosforasi unapunguza wito, na kuvu inapungua kwenye mizizi. Kwa hiyo kuvu ile ile, yenye jeni zile zile, kwenye mzizi mmoja inafanya kazi na kwenye mwingine imelala.

Maoni yetu ni haya. Miradi ya kupanda miti inajibu swali la DNA tu. Inaandika kilichokuwepo siku ile: miche, watu, picha. Sisi tunataka ripoti ya mwaka wa pili. Mfadhili alipe nusu siku ya kupanda na nusu nyingine baada ya misimu minne ya mvua, kwa mti uliosimama. Tunajua wenzetu wa ofisini watasema mradi wenyewe ni wa miezi sita. Basi mradi wa miezi sita usiitwe msitu.

Na kitalu kichanganye udongo wa chini ya miti mikubwa ya aina ile ile. Hatujabuni sisi. Misonobari, tunayoiita payini, ilipoletwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, miche ilidumaa mpaka ilipowekewa udongo wenye kuvu zake. Si lazima kwenda kuchimba Mabira, na bila ruhusa ni kosa. Ndoo moja kutoka chini ya musizi wa jirani inatosha kuanzia, mradi mti wenyewe uwe mzima, maana udongo unabeba magonjwa pia. Pakiti za kuvu zinazouzwa madukani tuziogope kidogo. Bidhaa za namna hiyo zilipopimwa, nyingi hazikufanya kilichoandikwa juu yake.

Kuna jambo la kuwaambia na wenzetu wanaopenda kusambaza video kwamba miti inaongea na kusaidiana kupitia intaneti ya kuvu. Mwaka 2023 wanasayansi wanaoijua kazi hiyo walipitia ushahidi wakasema mambo mengi yanayorudiwa hayajathibitishwa msituni. Ushirikiano wa kuvu na mzizi hauna shaka. Hadithi ya mama mti anayelisha watoto wake, tuiache kwanza.

Tunajua pia mnasubiri tuseme kuvu ni mkimbizi na mti ni nchi iliyompokea. Semina zimetuzoesha kuongea hivyo. Hatusemi. Ila kuhesabiwa tunakujua vizuri: jina liko kwenye daftari, kadi iko mfukoni, na mwaka unaisha hakuna aliyeuliza unafanya kazi gani. Yule mama wa Ituri amekuwa kwenye orodha za mafunzo mara nyingi kuliko sisi wote. Siku ile ya kilima hakuna aliyemuuliza kuhusu udongo kabla lori halijashusha.

Sasa anatusimamia sisi. Nyuma ya chumba tunachokutania tuna miche ya musizi, nusu kwenye udongo mwekundu wa mtaani, nusu umechanganywa. Tunaimwagilia kwa zamu. Wiki hii bado hazitofautiani kwa macho. Anayepita Jumamosi aje na kidumu cha maji, bomba letu limekatwa tena.