Kisanduku janja cha funguo: kinatunza ufunguo, hakimtambui anayeingia

Mwenye nyumba yuko Maretadu anavuna vitunguu saumu. Vyumba vyake vya kupangisha viko Haydom, na mpangaji mpya anafika jioni. Nani atampa ufunguo? Kwa wengi wetu Mbulu na Hanang, jibu ni jirani, mwenye duka au dalali. Mitandaoni sasa kinatangazwa kifaa kinachodaiwa kumaliza usumbufu huo: kisanduku janja cha funguo. Kabla hujatoa pesa, fahamu kinachofanya na kisichofanya.

Kinavyofanya kazi

Ni kisanduku kidogo cha chuma kinachofungwa ukutani au kuning'inizwa kwenye geti. Ndani yake unaweka ufunguo wa kawaida. Kile cha bei nafuu hufunguka kwa namba ya siri moja, mpaka uibadilishe mwenyewe. Kile janja hutumia betri, na programu ya simu hukutengenezea namba za muda: ya leo tu, au ya wiki moja.

Baadhi, kama vya kampuni ya igloohome ya Singapore, havihitaji intaneti pale mlangoni. Mwenye nyumba anatengeneza namba akiwa penye mtandao, anaituma kwa ujumbe mfupi, na mpangaji mwenye kitochi anaibonyeza. Kwa maeneo yetu ambako mtandao huja na kupotea, hiyo ni faida kubwa.

Tatizo liko wapi?

Kisanduku kinalinda ufunguo ukiwa ndani tu. Ukishatoka, hakijui uko kwa nani wala kama umechongeshwa kwa fundi. Namba ya muda inaisha. Ufunguo uliochongeshwa hauishi. Mpangaji akihama bila kubadilisha kitasa au kufuli, bado anaweza kurudi.

Vilevile hakimtambui anayeingia. Novemba 2024, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Italia iliwaagiza wanaopangisha nyumba kwa wageni wa siku chache kuwatambua wageni wao ana kwa ana, na si kuwaachia ufunguo kwenye kisanduku tu. Agizo hilo lilipingwa mahakamani, lakini hoja yake tunaijua hata huku: ndiyo maana gesti zetu zina kitabu cha wageni.

Haki ya mpangaji

Hapa ndipo penye ugomvi. Mwenye nyumba anayeweza kufungua kisanduku wakati wowote anaweza pia kuingia chumbani mwalimu akiwa kazini. Katika mikataba inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti ana haki ya kukaa kwa utulivu. Mwenye nyumba anaruhusiwa kukagua, lakini kwa muda unaofaa na baada ya kutoa taarifa. Kuwa na namba hakumpi ruhusa ya kuingia.

Somo la sanduku la kikundi

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua jambo hili. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Hufunguliwa mbele ya wanachama. Usalama wake unatokana na makubaliano: kila mmoja anajua nani ana ufunguo gani, na hakuna anayefungua peke yake. Kisanduku janja kisicho na makubaliano kama hayo ni chuma tu.

Ukiamua kukinunua

- Onana na mpangaji kwanza, andika mkataba na uone kitambulisho chake. Namba ifuate baadaye.
- Andikeni kwenye mkataba nani ana ufunguo wa akiba, na taarifa ya siku ngapi itolewe kabla ya kuingia.
- Mpangaji akishaingia, funguo zote zikae kwake, isipokuwa ule wa akiba mliokubaliana.
- Badilisha kitasa kila mpangaji anapohama.
- Usimtumie mtu namba kwa sababu tu ameomba kwa ujumbe. Mpigie umsikie sauti. Matapeli wa "tuma kwa namba hii" tunawafahamu.
- Fuatilia betri, na kiweke kisanduku mahali pasiponyeshewa.

Kama vyumba vyako viko hatua chache kutoka unapolala, huenda kitasa imara na jirani mwaminifu vinakutosha. Kifaa hiki kinamfaa zaidi anayeishi mbali na wapangaji wake, na hata huyo aanze na mkataba.